Mikono minne ya sponji

Ile mikono ya sponji bado ipo nyuma ya mlango wa jikoni, bluu hivohivo, kila nikienda kuchota maji inanigusa bega.

Ilikuwa 2024, wiki mbili kabla ya Halloween. Mi ni mpambaji, mteja akanitumia picha ya mwanamitindo Heidi Klum, ile ya 2008 kule New York alivyojipaka bluu akajiita Kali, mungu wa kike wa Wahindu, mikono kibao. "Dada nataka hii, na iwe kali kweli." Tukacheka, yani jina lenyewe kwa Kiswahili limeshajitangaza, nikachukua advansi sh. 80,000, nikashona mikono, tukafanya majaribio usiku mmoja, ulimi nikaushusha mwekundu mpaka kidevuni, picha nikairusha WhatsApp. Watu wakamwaga emoji za moto.

Sasa mi naishi Kisutu, Dar, mtaa wa mahekalu ya Wahindu, na juu yangu kuna bibi wa Kigujarati tunamwita Ba kama wajukuu zake wanavyomwita. Mjukuu kaona, kampelekea simu. Asubuhi naitwa juu. Nikajua leo natukanwa.

Wala. Kanimiminia chai ya maziwa, kanipeleka kwenye kabati dogo kona ya sebule, kitaa cha mafuta kinawaka, picha imepigwa moshi wa udi miaka mpaka kioo kina ukungu. "Huyu Mataji," yani Mama, ndo Kali mwenyewe. Kwao Gujarat hekalu lake liko juu ya mlima, Pavagadh. Alafu akaniuliza kitu kimoja tu, huu ulimi unajua wa nini?

Nikasema wa kutishia. Si ndo hivo?

Akatikisa kichwa. Hadithi aliyonipa (nilikuja kusoma kuwa Bengali ndo inasimuliwa sana) ni kwamba Kali alikuwa vitani anaua mapepo, hasira zikampanda, mapepo yameisha yeye bado hashikiki, ndo mungu Shiva, mumewe, akajilaza chini mbele yake, naye bila kuangalia akamkanyaga kifuani. Alivyogundua amemkanyaga nani akajing'ata ulimi. Aibu! Ile ileile inayonishika mimi nikimpita mama mkwe bila shikamoo. Na mi nimeipaka kama mdomo wa simba.

Hilo ndo liliniuma. Maana yale maneno mengine nilishayasoma, Rajan Zed na Wahindu wenzake wa Marekani walilalamika kuwa Kali ni wa kuabudiwa hekaluni sio wa kilabu, nikaona wanakuza mambo. Wakati shuka ya Wamasai ilivyotembezwa Paris 2011 kwenye onesho la Louis Vuitton nilikasirika mimi, na shuka hakuna anayeiwashia taa.

Alafu kuna hili la macho, mi kama mpambaji halinitoki. Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi kule Kolkata, India, wanakofinyanga sanamu za Durga, mungu mwingine wa kike, kwa udongo, macho yanaachwa mpaka mwisho, kwa desturi siku ya Mahalaya, siku chache kabla ya sikukuu yake, fundi anafunga kula kabisa ndo anashika brashi, sababu jicho likichorwa ndo mungu anaingia pale. Mi huwa naanza na macho. Natafuna bigijii huku navuta wanja.

Advansi nikarudisha. Mteja akanuna, "dada umeokoka lini?", akapata mtu mwingine, na Oktoba 31 picha nikaiona, ulimi wa plastiki unaning'inia, glasi ya mvinyo imegundishwa kwenye mkono wa tatu. Alipendeza, sitadanganya.

Siku hiyohiyo ndo ilikuwa Diwali mwaka ule, ngazi zetu vitaa mpaka juu. Ba kaniita nimpambe mjukuu, yule yule mchongezi. Nikafanya fandesheni, kope, wanja, nikanyoosha mkono kwenye kipakiti cha bindi, kile kidoti cha katikati ya paji la uso.

Ba akakichukua. Akaibandika mwenyewe.