Shubiri Mbili kwenye Ramani

Mpwa wangu kanipeleka Deptford, London, juzi kula supu ya tambi ya Kivietnam. Bakuli lilipotua mezani, mvuke wa karafuu ukanipanda puani. Ungedhani mtoto wa Pemba angekumbuka kwao. Mimi nikajikuta Thorney Island, kambi ya wakimbizi kusini mwa Uingereza, 1979.

Siku zangu za mapumziko hospitalini nilikuwa nikijitolea kwenye zahanati ya kambi ile. Jeshi la anga la Uingereza lilikwishahama, mabweni yakajazwa wakimbizi wa Kivietnam, wengi wao wenye asili ya Kichina. Serikali ya waziri mkuu, Bi Thatcher, baada ya kusuasua sana, ilikubali kwenye mkutano wa Geneva mwezi Julai kuchukua watu 10,000 kutoka kambi za Hong Kong. Kuwapokea na kuwatafutia makazi waliachiwa mashirika matatu ya hisani, yakagawana nchi. Fedha na masharti vilitoka serikalini, na sharti kubwa lilikuwa wasirundikane: familia 4 hadi 10 kila mahali, basi. Eti manispaa isilemewe, na wenyeji wasipate la kulalamikia.

Siku hiyo nilikuwa bwaloni namfunga mzee mmoja kidonda cha mguu. Mama wa shirika, mwenye sweta la kijani, alikuwa amebandika ramani ya Uingereza ukutani, anachomeka pini. Ya mzee aliichomeka kaskazini. Ya mdogo wake ilikwishachomekwa Wales.

Mzee akainuka bendeji ikimburuzika sakafuni. Akaweka kidole gumba kwenye pini yake, akanyoosha kiganja. Shubiri moja. Akapima ya pili, na Wales bado. Akageuka, akauliza jambo. Mkalimani alisita, kisha akasema, "Anauliza hapo katikati wanaishi Wachina wangapi."

Mama hakuwa na jibu. Mzee, kwa adabu kabisa, akaichomoa pini yake akaenda kuichomeka Wales, karibu na ya mdogo wake mpaka vichwa vya pini vikagusana. Kuna waliocheka. Mama aliiacha pale kidogo, kwa heshima nadhani, halafu akairudisha kaskazini.

Nilimfuata kwenye birika la chai, nimepandwa na hasira. Akaniambia vikaoni wamebishana na maofisa mpaka wamechoka. Nyumba hutolewa na manispaa kwa hiari yao, na zilizo tupu ziko kule ambako kazi hakuna. "Nikingoja nyumba mbili za jirani," akasema, "waliobanana Hong Kong watalala wapi?" Kila kitanda kilichoachwa wazi kambini kilikuwa zamu ya mwingine.

Mzee na jamaa zake wakaondoka kwa basi. Baadaye, bila kumwomba mtu ruhusa, Wavietnam kwa mamia walifungasha wakahamia London, Birmingham na Manchester, walikokuwa na watu wao. Kufikia 1985 hata kamati ya Bunge ilikuwa ikiukosoa mpango ule. Sijui kama mzee alikuwa miongoni mwa waliohama.

Walioweka sharti lile walikosea, hilo sina shaka nalo. Yule mama ndiye anayenisumbua. Angeligoma kuchomeka pini ile, mzee angelikaa bwenini majira mangapi zaidi, na nani angelikosa kitanda chake?