Maktaba ya mtandaoni ikifungwa: nilivyoihamishia kwenye diski hapa Mwanza

Uturuki iliifunga Wikipedia tarehe 29 Aprili 2017, na haikufunguliwa hadi 15 Januari 2020. Ugomvi ulikuwa juu ya makala mbili tu. Lakini tovuti inayotumia HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, haimwonyeshi mtoa huduma wa intaneti ukurasa unaousoma, inamwonyesha jina la tovuti basi; anayetaka kuzuia makala mbili huishia kufunga maktaba nzima. China nayo imezifunga Wikipedia za lugha zote tangu 2019. Inauma mwanafunzi kukosa somo la fizikia kwa ugomvi wa siasa.

Wengi hukimbilia VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mbali ili kukwepa kizuizi. Mimi siitegemei, kwa sababu nayo huzuiwa, na intaneti ikizimwa kabisa haina kazi. Nashusha maktaba mapema kwa Kiwix, programu ya bure inayosoma faili za ZIM, yaani tovuti nzima iliyofungashwa kwenye faili moja. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 90. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia hata kwenye simu.

Anza na diski. Ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, faili itagoma, maana mfumo huo haupokei faili moja inayozidi GB 4. Ifomati kwa exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa, ila hamisha vitu vyako kwanza, vitafutika vyote. Pakua kwa torenti, njia ya kushusha faili vipande vipande: umeme ukikatika Nyakato usiku wa manane, kazi huendelea pale ilipoishia. Kisha hakiki kama faili imefika nzima, kwa kuandika amri hii kwenye Command Prompt ya Windows:

certutil -hashfile maktaba.zim SHA256

Zitatoka herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zilizoko kwenye tovuti ya Kiwix. Zikipishana, faili ina kasoro. Usiifute, iambie programu ya torenti iikague upya, itarudia vipande vibovu tu.

Diski ikishapanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, huko inatosha kompyuta moja na hotspoti ya simu. Kwenye kompyuta washa kiwix-serve, programu ya Kiwix inayogawa maktaba kwa vifaa vingine:

kiwix-serve --port=8080 maktaba.zim

Wasomaji wanajiunga na hotspoti hiyo, wanaandika anwani ya kompyuta kwenye kivinjari, mfano 192.168.43.20:8080. Bando halitumiki. Tatizo ninalokutana nalo mara nyingi: kompyuta inafungua, simu hazifungui. Hapo ni ulinzi wa Windows unaokataa wageni. Iruhusu kiwix-serve kwenye mtandao binafsi, zitafunguka.

Jina la faili hubeba mwaka na mwezi ilipotengenezwa. Nauandika kwenye kipande cha utepe na kuubandika juu ya diski, ili msomaji wa kisiwani ajue habari zake zinaishia lini.