Dozi Niliyoikatisha

Mwaka 2016 nilikuwa nafundisha hisabati darasa la sita, Morogoro. Baba alifariki Machi. Kufika Juni nilikuwa naamka saa tisa usiku, nakaa kitandani mpaka adhana, na chakula hakipiti. Daktari akaniambia nina sonona, akaniandikia amitriptilini. Kwenye kibahasha cha dawa waliandika kwa kalamu: “2 usiku”.

Jina lile sikulikubali. Mimi nilikuwa na mawazo, basi, na mwenye mawazo hutulizwa na ndugu, na dua, na siku. Vidonge niliviona vya watu wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Nilivimeza kwa sababu mke wangu alisimama mbele yangu na glasi ya maji.

Wiki ya kwanza ilinikausha mdomo. Niko ubaoni, nataka kusema “kipeuo cha pili”, ulimi umenata kwenye kaakaa, watoto wananitazama. Usingizi ulirudi. Wiki ya nne nikaanza kusikia njaa. Wiki ya saba nikaacha dawa, wala sikumwuliza mtu. Sisi tuliokulia kwenye malaria tunajua hivyo: homa ikishuka umepona, na dawa yenyewe ya mseto ni siku tatu. Tena shemeji alishanionya kwamba nitazoea, sitalala tena bila vidonge. Hilo lilinitisha kuliko ugonjwa.

Mwezi haukuisha. Madaftari yalirundikana mezani hayajasahihishwa, la juu limefunguliwa ukurasa uleule siku tisa, peni nyekundu juu yake.

Niliporudi hospitali nilijua nitakaripiwa. Daktari akasogeza kiti, akaniuliza, “Mwalimu, wewe mwenyewe unaonaje, kinachokusumbua ni nini?”

Sikuwa nimeulizwa hivyo na mtu yeyote. Nikamwaga yote: baba, Mirembe, maneno ya shemeji. Hakunibishia kuhusu msiba. Alisema ndio uliofungua mlango. Akanieleza kwamba dawa hii haimtii mtu uteja, ila haikatishwi ghafla, na kwamba nikishapata nafuu niendelee nayo miezi 9 hadi 12, maana ukiacha mapema ugonjwa hurudi kwa urahisi. Ningeyasikia hayo siku ya kwanza, nisingeacha. Naamini hivyo mpaka leo, na bado inaniuma.

Usiku ule mke wangu alipoleta maji nilimwomba akae. Nikamwambia, “Mama Neema, nina sonona.” Akashika mkono wangu, kibahasha kikiwa bado ndani yake.