Mabati ya Mukuru niliyoyakuta Kassel

Tangu nirudi, kila anayenipigia simu huniuliza kama nimeona barabara ya juu. Nimeiona. Ni kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na usiku taa zikiwaka kweli inapendeza. Nilipoondoka Nairobi kwenda Ujerumani haikuwepo. Lakini mimi ni mtoto wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, na mtoto wa Mukuru akirudi kwao, kitu cha kwanza anachotafuta kwa macho ni kama nyumba ingali imesimama.

Yetu ipo, katika sehemu ya Mukuru iitwayo kwa Reuben. Ya mama mdogo, katika sehemu iitwayo kwa Njenga, haipo. Mwishoni mwa 2021 tingatinga ziliingia kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakalala nje chini ya karatasi za nailoni na watoto wao. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, kwenye makao ya wazee nilikokuwa nikifanya kazi, mama mdogo aliponitumia video. Watu hawakuwa wakisema mengi. Kilichosikika ni mabati, ule mlio wa bati likiraruliwa kwenye misumari. Nilizima simu nikaenda kumgeuza bibi wa chumba cha mwisho, kwa sababu saa yake ilikuwa imefika, kisha nikarudi nikaiwasha tena.

Mwaka uliofuata nikayakuta mabati yaleyale Kassel.

Kassel ni mji wa katikati ya Ujerumani, si mkubwa, na wengi wetu tuliokuwa tukifanya kazi maeneo yale tuliujua kwa ajili ya stesheni yake tu. Ila kila baada ya miaka mitano, kwa siku 100, dunia nzima ya sanaa huhamia pale kwa maonyesho yanayoitwa documenta. Yalianza 1955, mji ukiwa bado na magofu ya vita. Ya 2022 yaliandaliwa na ruangrupa, kundi la wasanii wa Indonesia, na wao hawakutafuta mastaa. Waliyaalika makundi yanayofanya kazi na watu wa mitaa yao, na mojawapo lilikuwa Wajukuu Art Project, kutoka Mukuru, upande wa Lunga Lunga. Mfanyakazi mwenzangu Mjerumani ndiye aliyenionyesha jina gazetini. Akauliza, "Hapa si ndipo kwenu?"

Nilienda siku yangu ya mapumziko. Kuna jengo pale linaitwa documenta Halle, la kisasa, limejaa vioo. Wajukuu walikuwa wameufunika uso wake kwa mabati. Tena mabati ya kutu, yaliyokwishaishi, rangi ile ya kahawia ambayo mtu wa Mukuru akiiona anajua mvua itapitia wapi. Ili uingie ulipita kwenye njia nyembamba yenye giza, ambayo wasanii waliitumia kuunganisha mtaa wetu na manyatta ya Wamaasai, na watu walipunguza mwendo bila kuambiwa. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia. Ndani kulikuwa na visu vya jikoni, vimenolewa na kunolewa hadi vikabaki vyembamba kama majani, na nikajua mara moja ni visu vya aina gani: vile ambavyo mtu hatupi kwa sababu hana cha kununulia kingine. Ukisonga mbele zaidi ulisikia vijana wakiteleza kwa ubao wa magurudumu kwenye jukwaa walilojenga wasanii wa Thailand, kelele na vicheko.

Mwaka huohuo Wajukuu walipewa tuzo ya Arnold Bode, yenye jina la mtu aliyeianzisha documenta. Nilifurahi, sitaficha. Niliwaambia wazee wote makaoni kwamba hao ni majirani zetu. Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba. Bati lilelile, Kassel watu wanakata tiketi kulipita wakiwa wamevua kofia. Mukuru linapakiwa kwenye lori na askari wamesimama kando. Sasa sanaa hiyo imemsaidia nani? Mama mdogo amepata nini?

Swali hilo ndilo nililorudi nalo, na nimelizungusha sana kabla ya kuandika hapa. Ninajua wapo wasomaji watakaosema msanii kazi yake ni kuburudisha, siasa awaachie wenyewe. Wapo pia watakaosema picha haijengi choo. Hawa wa pili ninawaheshimu zaidi, kwa sababu choo kweli ni shida, na anayekaa nyumba moja na majirani 40 wanaogawana mlango mmoja wa choo hana haja ya kuhubiriwa kuhusu urembo.

Nilienda Lunga Lunga. Wajukuu wako pale tangu miaka ya mwanzo ya 2000, vijana waliozaliwa na kulelewa katikati ya viwanda na Mto Ngong, waliojifundisha kuchora na kuchonga kwa vitu walivyookota. Wameonyesha kazi Ulaya na bado wako mtaani. Watoto wa majirani huja kufundishwa kuchora. Nilipewa kiti nyuma nikatazama. Msichana mmoja, huenda ana miaka tisa, alikuwa anachora nyumba yao: mlango, kufuli, kamba ya nguo, mtungi wa maji. Kisha akachukua rula. Nikadhani anataka kunyoosha paa. Akapima mlango kona hadi kona, akachora alama ya X nyekundu, taratibu, rangi isivuke mstari. Mtu yeyote aliyeishi karibu na mto au karibu na ramani ya barabara anaijua ile X. Huja mtu na mkebe wa rangi, hana jina, anaipiga mlangoni na kuondoka, na baada ya hapo nyumba yako ina siku zake. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali ilipowaamuru watu waondoke mita 30 kutoka mtoni, watu wa Mukuru na wa Mathare, mtaa mwingine wa mabanda, walibomolewa wakiwa bado wanaanika magodoro.

Nilimuuliza kwa nini ameiweka. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini ameweka dirisha. "Auntie, si iko tu hapo."

Hapo nikapata sehemu ya jibu langu. Afisa akija Mukuru huja na karatasi, na katika karatasi hiyo sisi hatupo. Ardhi ina mwenyewe, barabara ina mstari, sisi ni kitu kilichopatikana njiani. Huyu mtoto anafundishwa kutazama na kuweka alichokiona mahali pa kuonekana. Hajafundishwa kuchora tembo na machweo. Akifika miaka 20 itakuwa vigumu sana kumwambia kwamba halikutokea lililotokea. Sioni hilo kama jambo dogo. Mama mdogo hakupata nyumba kwa sababu ya Kassel, na hakuna mtu mwaminifu atakayedai hivyo. Lakini mwanamke yule ameishi maisha yake yote akiitwa mvamizi, na nilipomwonyesha kwenye simu picha ya lile jengo la vioo lililovishwa mabati, alisema, "Kumbe wanajua tuko." Kisha akaendelea kuchambua sukuma wiki.

Ninatofautisha kazi hii na ile ya wanaokuja na fulana za rangi moja, wakachora ukutani mtoto mwenye mabawa akitabasamu, wakapiga picha na kurudi hotelini. Hizo kuta zipo nyingi siku hizi. Sina ugomvi na rangi, lakini picha inayomwambia mtu wa Mukuru atabasamu hali maji taka yanapita mlangoni inamsaidia aliyesababisha maji taka. Msanii wa haki hana budi kuwa na hasira fulani, na awe anajua jina la mto. Kabla sijaondoka nchini, 2012, nilikuwa nikipita barabara ya Muindi Mbingu, katikati ya Nairobi, karibu na City Market kwenda kazini, na nakumbuka asubuhi tulipoikuta picha ya mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, ndege mla mizoga, iliyochorwa na vijana wa michoro ya kuta pamoja na mpigapicha Boniface Mwangi. Watu waliteremka matatu wakasimama. Mama mboga na mtu wa tai shingoni walikuwa wakibishana mahali pamoja kuhusu wabunge. Sijaona mkutano wa hadhara uliowahi kuwakutanisha hao wawili.

Juni 2024 nilikuwa bado ng'ambo, na niliitazama Kenya kupitia simu kama wengine wengi. Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, uliwaingiza vijana barabarani kuandamana, na nilichoshangaa ni jinsi nyimbo zilivyowabeba. "Anguka Nayo" ya Wadagliz ulikuwa wimbo wa kucheza tu, wa raha zake, na vijana wakauchukua wakauimba mbele ya lori la maji ya kuwasha. Hakuna aliyeuandika kwa ajili ya haki. Umati ndio uliouandika upya. Tarehe 25 Juni watu waliuawa, na hesabu ya waliokufa katika maandamano ya miezi ile ilipita 50. Tarehe 7 Julai wanamuziki wakapanda jukwaani Uhuru Park kuwakumbuka waliouawa. Siku chache baadaye miili ya wanawake ikaanza kutolewa kwenye machimbo ya Kware, pale pale kwa Njenga, na majirani wa mama mdogo ndio waliokuwa wakivuta kamba. Kuhusu hilo sijaona bado wimbo wala picha inayotosha. Pengine ni mapema mno.

Na serikali inajua nguvu ya mambo haya kutushinda sisi. Aprili 2025 wasichana wa shule ya sekondari ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo kuhusu vijana na utawala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Mtunzi wao, Cleophas Malala, akakamatwa, watazamaji na waandishi wakazuiwa, na nje gesi ya machozi ikapigwa. Wasichana waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Nimeitazama video ile mara nyingi. Wanatetea hukumu ya mahakama wakiwa na sare za shule, na hawana silaha yoyote isipokuwa sauti zao na adabu zao.

Wazee wetu waliyaona haya kabla yetu. Kamirithu, Limuru, 1977, wafanyakazi na wakulima walijijengea ukumbi wa wazi wa watu 2,000 na kuigiza maisha yao kwa Kikuyu. Baada ya wiki chache kibali kikaondolewa, na mwaka ukiisha mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa watunzi wa mchezo huo, akatiwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Wakauvunja kama walivyovunja kwa Njenga, kwa sababu ileile: watu walikuwa wamejenga mahali pa kuonekana bila kuomba ruhusa. Ngũgĩ alirudi mara ya kwanza 2004 baada ya miaka 22 ya uhamisho, na Mei 2025 akafia Marekani. Mimi niliondoka kwa hiari, na tiketi ya kurudi niliweza kuinunua siku niliyotaka. Wapo walioondoka kwa ajili ya mstari mmoja wa mchezo.

Jambo la mwisho ni la pesa, na nitalisema wazi kwa sababu nimelisikia kwa vijana wengi tangu nifike. Mashirika yanaandaa kongamano la haki za watu wa mitaa, hoteli inalipwa, wasemaji wanalipwa, chai ya saa nne inalipwa, halafu mshairi kutoka Mathare anaitwa "aje kutuchangamsha" na anapewa nauli. Mtu anayelipia kodi ya nyumba kwa kuchora naye ana haki. Ukimwita, mweke kwenye bajeti kabla ya maua ya mezani.

Rangi ni ghali, karatasi nzito pia. Yeyote aliyeko Nairobi anaweza kupanda matatu hadi Lunga Lunga, akaulizia, akaketi nyuma kama mimi, na akanunua kazi kwa bei aliyoambiwa. Mimi nimelipia rangi nyekundu ya muhula huu.