Barua za Babu kutoka vitani

Katika barua zote ambazo Babu alimwandikia Bibi kutoka vitani, jina la Burma halimo. Askari hawakuruhusiwa kutaja walipo, na ofisa alizikagua barua kabla hazijatumwa. Sisi tunajua alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua ikiwanyeshea miezi mfululizo, hadi wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Malaria, tope hadi magotini, wenzake wakizikwa njiani. Barua za miezi hiyo zinasema tu, "Huku mvua zipo."

Halafu anauliza kahawa. Imepogolewa? Zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, bado ni ileile? Nani anasimama kwenye mizani ya chama? (KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilikuwepo tangu 1933, na Babu hakumwamini kila karani.) Barua moja inataja migomba ya kukata na ya kuacha, mmoja mmoja: ule wa nyuma ya zizi, ule ulioinamia mfongo, mitatu ya mpakani kwa shemeji. Alikuwa anakizunguka kihamba chote, shamba letu la nyumbani, kichwani.

Wapo kwenye ukoo wanaosema Babu alikuwa mkavu, hana neno la mahaba. Nakataa kabisa. Bibi hakujua kusoma. Kule barua ilipita kwa ofisa, huku ikasomwa kwa sauti na mwalimu wa kanisani, wakwe wamekaa wanasikiliza. Mwanamume wa Old Moshi wa wakati ule angesema nini mbele ya watu wote hao? Alisema hivi: "Maziwa ya asubuhi asipewe mtu. Unywe wewe." Na baba mkwe yupo pale pale! Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi, na kila mara nampenda zaidi.

Majibu ya Bibi hayapo. Nayakisia kwa anavyojibiwa. "Pole kwa ndama." "Mtoto akikohoa tena mpeleke hospitali, usingoje." Na hii, yenye mstari chini yake: "Shamba la chini usiliachie, hata wakikubana vipi. Mwambie nimekataa mimi."

Kwa hiyo kuna mtu alikuwa anambana, mume akiwa vitani. Krismasi wote tutakuwa nyumbani, na wazee wawili wanaokumbuka bado wako hai. Nitawauliza ni nani.