Kasuku wetu nilipokuwa safarini
Mwezi uliopita nilikwenda Mbeya kumuuguza mama kwa wiki tatu, nikamwacha kasuku wetu wa kijivu hapa Kinondoni kwa mdogo wangu, ambaye alimlisha na kumbadilishia maji kila siku bila kukosa. Niliporudi nilimkuta amejinyonyoa kifua kizima hadi ngozi ikaonekana, ilhali manyoya ya kichwani, ambako mdomo wake haufiki, yalikuwa yamesalimika. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa ameacha kabisa kuita “hodi”, na badala yake alipiga kelele kali kila jioni, saa ambayo mimi hurejea nyumbani.

Daktari wa mifugo alimchunguza kwanza kama ana wadudu au maradhi ya ngozi, kisha akanieleza kuwa kasuku ni ndege wa kundi, na kwamba anapofugwa peke yake watu wa nyumbani ndio huwa kundi lake, hivyo upweke humtesa hata chakula kikiwapo. Mdogo wangu alikuwa akishinda kazini Kariakoo, simlaumu.

Sasa tundu lake liko karibu na jikoni tunakokaa, na ninampa magunzi ya mahindi ayapasue. Manyoya machanga yameanza kuchomoza, na jana alfajiri aliita hodi, mara moja tu.