Siku 28 za likizo zinahesabiwaje?

Kila Disemba ofisini kwetu lazima watu wakwaruzane na HR kuhusu likizo na ugomvi wenyewe ni uleule, mtu kajaza fomu siku 28, katoa Jumapili zote, katoa Krismasi na Boksingi Dei, akapata tarehe ya kurudi iliyopitiliza ya HR kwa wiki nzima, basi kelele, ooh tunaibiwa. Jamani hapo hamjaibiwa. Kuna sehemu nyingine mnaibiwa kweli na hamsemi, nakuja huko.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hii ya Tanzania Bara (Zanzibar wana yao), inasema angalau siku 28 mfululizo kwa kila miezi 12, na sikukuu ikiangukia humo ndani imo kwenye hesabu. Yaani ni wiki nne za kalenda, kwa hiyo anayefanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa anakosekana ofisini siku 20 tu, wa mpaka Jumamosi ni 24. Wenzetu Kenya wamewekewa siku 21 za kazi, sasa kuna jamaa alikuwa anawacheka eti sisi tunawazidi wiki nzima, nikamwambia wewe wa siku tano kwa wiki piga hesabu vizuri, amekuzidi siku moja huyo unayemcheka.

Sasa angalia hii, ukianza likizo Disemba 8 unaisha nayo Januari 4, humo umemeza Uhuru, Krismasi, Boksingi Dei na mwaka mpya, sikukuu nne ambazo ungepumzika bure hata bila kugusa likizo yako. Wenye watoto wa shule nawaelewa, hawana ujanja, ila wewe huna mtoto unang'ang'ania Disemba ya nini? Na nauli za mikoani ndo zimepanda hivyo. Mimi naomba Novemba. Naomba, maana anayepanga lini uende ni mwajiri, mradi asikuvushe zaidi ya miezi sita baada ya mwaka wako wa likizo kuisha, na wewe ukikubali na kazi kweli imebana inaweza kufika 12. Halafu huo mwaka unaanza tarehe uliyoajiriwa, sio Januari, hii wengi hawajui kabisa.

Haya, tunapoibiwa. Umefiwa na mama, umeenda kuzika, unarudi unakuta siku nne zimekatwa kwenye zile 28. Hapana! Kufiwa na mzazi, mwenza au mtoto kuna siku zake nne zenye malipo kwenye sheria hiyohiyo, na mwajiri haruhusiwi kukulazimisha utumie likizo ya mwaka badala ya hiyo. Kuugua vilevile kuna likizo yake, siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza mshahara kamili, nusu ya pili unalipwa nusu mshahara, ila uwe na cheti cha daktari. Watu wanakatwa hapa kimyakimya miaka na miaka kwa sababu hakuna anayeangalia kadi yake ya likizo mpaka siku anayotaka kusafiri. Na pesa ya likizo inatakiwa utoke nayo, ulipwe kabla hujaanza kupumzika, sio usubiri mwisho wa mwezi ukiwa kijijini unapigia simu wahasibu.

Nyingine ni wanaoacha kazi, wanadai mshahara wa mwisho wanasahau likizo ambayo hawajachukua. Hesabu yake ni mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi, kwa hiyo mtu wa siku 26 kwa mwezi akiondoka baada ya miezi minane ana siku 208, gawa kwa 13 ni siku 16, kama kwa siku ni 15,000 hiyo ni 240,000 unaiacha mezani hivihivi. Wakigoma kulipa unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoamua migogoro ya kazi, ila usikae sana, madai ya namna hiyo yana siku 60 tu.

Na mnaoniuliza kuhusu nauli ya likizo, hiyo watumishi wa serikali wana taratibu zao, sisi wa private haimo kwenye sheria hii, kafungue mkataba wako uone kama waliandika.